Herufi za Zaïre, Kila Mutu na Yake

Mwanangu, kuko siku moja nikiikumbuka, hata na hii magoti yangu yenye kulia kama mulango ya zamani, miguu inataka kucheza! Ilikuwa wakati inchi yetu Kongo ilikuwa inaitwa Zaïre. Kila kartie, kila mutaa ya Bukavu, ilikuwa na kikundi cha animasyon: kuimba, kucheza, kusifu inchi. Siye ba kartie ya Kadutu tulikuwa tunajitayarisha kwa mashindano ya mu stade, kwenye kiwanja ya mupira. Wenye kushinda njo bangecheza siku ya sikukuu kule Ibanda, mbele ya bakubwa. Weh! Tulikuwa tunaiota!

Wimbo wetu ilikuwa kuita jina la inchi, herufi kwa herufi. Kiongozi wetu Kalume, kijana wa sekondari, akaanza: "Zède!" Njo Z ya Kifaransa, na bale balisoma kwa ba masista bakajibu vizuri. Maman Nabintu, mwenye alifundishwa na muchungaji mu Kiswahili, akapaza: "Ze!" Tonton Ramazani, mwenye alikomalia na kusomea Kigoma, kule Tanzania: "Zedi!" Na miye, mwenye masomo ilinikimbia mu troisième primaire, darasa la tatu, nilikuwa nangojea jirani aseme kwanza, halafu nafungua kinywa kama samaki.

Kalume akakasirika kusikia herufi moja na majina tatu. "Maman, toka mu mustari. Tonton pia. Na weye, samaki, toka!"

Bakajaribu bila siye. Mwanangu, ilikuwa kama mazishi! Sauti yenye ilikuwa inapandaka mulima yote ya Kadutu ilikuwa ya Maman Nabintu, na sasa ilikuwa imekaa kando yangu, imenuna.

Muzee Chirhuza, mupiga-ngoma wetu, akaacha fimbo. "Kalume, mutoto wangu, tuko mu ngoma ao mu examen?"

"Muzee, batatucheka!"

"Bacheke. Kila mutu aite herufi vile alifundishwa. Miye nataka tu muguu ianguke pamoja na ngoma yangu. Rudini!"

Tukarudi. Zède! Ze! Zedi! Na muguu: puu! Ère! Re! Ara! Puu! Kalume mwenyewe akaanza kuruka! Mu stade batu balicheka, ndiyo. Halafu bakasimama. Halafu bakaanza kuita nasi, kila mutu na herufi ya masomo yake! Ba juge, bale baamuzi ba mashindano, bakasema turudilie tena. Tulishinda! Tukashuka Ibanda na vumbi mpaka mu masikio, kama bafalme.

Basi, mwanangu, bakikupa batu ba kuongoza, ikuwe kwa kazi, mu chorale ya kanisa ao mu nyumba yako, usitoshe mutu inje ya mustari juu ya vile kinywa chake kilifundishwa. Angalia tu kama anakubali kukanyaga pamoja na benzake. Na Mungu akupe batu ba kukanyaga nabo, mpaka udongo itetemeke chini yenu.