Jina la Mwisho Kwenye Karatasi

Karani anayepokea barua za wananchi pale bunge la jimbo, hapa Johannesburg, hapigi mhuri kabla hajasoma, na hasomi kimyakimya. Huvaa miwani yake iliyofungwa uzi, hulainisha karatasi kwa kiganja kama anapiga shuka pasi, kisha husoma kwa sauti mpaka jina la mwisho la waliotia sahihi. Akikwama kwenye jina humwuliza aliyeleta barua, hulirudia hadi likae sawa mdomoni. Foleni inaguna, yeye anasoma.

Mimi ni fundi cherehani wa Fordsburg. Nilimpelekea barua ya kuomba robot, taa za kuongozea magari, kwenye njia panda ya shule, pale gari lilipomvunja mguu binti wa jirani yangu Zabibu. Niliiandika mwenyewe, nikakusanya sahihi za wenyeji tu, nikihofu majina ya wageni yataiharibu.

Alipomaliza kusoma akavua miwani. "Nani kaandika?"

"Mimi, Mama."

"Mbona jina lako sijalisoma?"

"Mimi mgeni, Mama. Mtanzania."

"Eish, Baba! Wanao wanavukia wapi?"

"Hapohapo."

Akanigeuzia karatasi na kunipa kalamu yake. "Katiba imesema kila mtu ana haki ya kuleta ombi, haikusema raia tu."

Nikaandika. Akavaa miwani, akailainisha karatasi, akaanza upya toka mstari wa kwanza. Miaka kumi na mmoja mji huu unaniita mai frendi, kama unavyomwita kila mgeni ambaye haujali jina lake. Kwenye jina langu akakwama, akaniuliza, akarudia mara mbili: Adamu Shekalaghe. Ndipo akapiga mhuri.