Niliwakanda Paka Miguu kwa Maji ya Chumvi

Nilihamia Dodoma kwa shingo upande, kama wengi tuliohamishwa pamoja na ofisi zetu. Nilipanga chumba na sebule Makole, katika nyumba ya bibi mmoja mjane ambaye wazee wake walifika mji huu zamani wakifuata biashara, wakaoa, wakajenga, wasirudi tena walikotoka. Mimi nilikuwa nimejiapiza kurudi. Begi langu kubwa lilikaa kando ya kitanda mwaka mzima bila kupanguliwa. Nilichomoa nguo moja moja kila nilipoihitaji, nikawa naenda kazini na mikunjo, na aliyeniuliza nilimjibu kwamba nipo nipo tu, wakati wowote narudi Tanga. Huko Tanga hakuna aliyekuwa akinisubiri, ila hilo sikulisema.

Basi paka wa bibi akazalia ndani ya begi.

Alikuwa jike la kijivu, mzito, mwenye mazoea ya kuingia kwangu kama vile kodi tunachangia. Sikuwa mtu wa paka. Nilimvumilia kwa sababu alikuwa kimya, na kwa sababu bibi alimpenda. Niliporudi kazini siku hiyo nikamkuta amelala juu ya blauzi zangu bora, na watoto wanne wamejipanga tumboni mwake. Bibi alipoitwa akaja, akaangalia, akasema pamekuwa pazuri, tusiwahamishe. Blauzi ni zangu, lakini nyumba ni yake, nikakubali.

Macho yao yalipofunguka nikaanza kuwazoea, na hapo ndipo nilipogundua kwamba wawili walikuwa na miguu ya mbele mipana kupita kiasi, kama wamevaa soksi za mtu mwingine. Sikuuliza mtu. Nilihitimisha mwenyewe kwamba imevimba, pengine kwa kulaliwa na mama yao. Nilipokuwa mdogo, mtu akivimba mguu nyumbani kwetu alikandwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikachana fulana laini, nikaanza kazi.

Nilifanya hivyo siku tatu, asubuhi kabla ya kwenda ofisini na jioni niliporudi. Nilikaa uani na beseni, nawakanda mmoja baada ya mwingine kwa upole mkubwa, nao wakipiga kelele kama wanachinjwa. Mama yao alinitazama kwa jicho ambalo wakati huo nilidhani ni la shukrani. Bibi alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, haongei. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akarudi kwenye mchele wake na macho yakarudi kwangu.

Jioni ya tatu ndipo akauliza.

"Mwanangu, huko kwenu Tanga watoto wa paka hukandwa?"

Nikamweleza habari ya uvimbe. Nilimweleza kirefu, na nadhani nilitaja mzunguko wa damu. Bibi akausogeza uteo kando, akamchukua mmoja, akamlaza chali na kumnyoosha mguu.

"Hebu hesabu," akasema.

Paka wa kawaida ana vidole vitano kila mguu wa mbele. Huyu alikuwa na sita mguu mmoja na saba mwingine. Kile cha ndani kilijitenga kama dole gumba la mtu. Hapakuwa na uvimbe wowote. Bibi akamwita mama mtu, akamgeuza naye, nikaona sita kwa sita. Ndiye paka ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akikaa kwenye kiti changu na kuniwekea miguu hiyo mapajani.

Niseme pia kazi yangu ni nini, ili aibu ikamilike. Mimi ni mhariri wa nyaraka. Nalipwa kuona mkato uliokaa pasipo mahali pake. Wenzangu ofisini huniletea kurasa zilizokwisha kusomwa na watu watatu, nami naona kosa la nne.

Nilimuuliza bibi kwa nini aliniacha siku tatu nzima. Akasema alidhani ni mila ya kwetu, hakutaka kunivunjia.

Mtu mwenye busara angenyamaza tangu siku hiyo. Mimi nikawa mtaalamu. Nilisoma kwenye simu kila nilichokipata kuhusu paka wenye vidole vya ziada, nikajua kwamba ni jambo la kurithi na kwamba kwa kawaida haliwaletei shida. Nililichukua neno hilo la mwisho, nikaliacha lile la "kwa kawaida". Saa ya chai ofisini nilionyesha picha, nikaeleza jinsi wanavyoshika, wanavyopanda, wanavyowinda kuliko paka wengine. Sikuwa nimewahi kumwona hata mmoja akikamata panya, lakini nilieleza kwa namna ambayo mtu angedhani nimewafuata porini.

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa dereva wetu mmoja, mzee mtaratibu aliyekuwa anastaafu na kurudi kwenye shamba lake Mlali. Panya walikuwa wanamaliza karanga na mahindi yake stoo. Nikamwambia amepata dawa. Nilimpa mtoto mmoja kati ya wale wawili wenye miguu mipana, na nikampa na mhadhara: makucha mengi kiasi kile, panya hana pa kutokea. Akashukuru, akamweka kwenye kikapu chenye mfuniko, akaondoka naye. Wale wawili wa miguu ya kawaida walichukuliwa na majirani, na yule mwingine wa vidole sita na saba nikabaki naye mimi.

Ikapita miezi. Siku moja paka wangu akaanza kuchechemea mguu wa kushoto wa mbele. Akawa anaulamba sana, na dirishani alikokuwa akiruka kwa mara moja akawa anapatazama tu. Bibi akaniambia nimtazame vizuri yule paka. Nikamjibu, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kusoma, kwamba hayo ni maumbile yake, paka wa aina hii ndivyo wanavyotembea wakikua. Nilikuwa nimeapa sitamkanda tena mnyama asiyeumwa. Somo la lile beseni lilikuwa limeniingia sawasawa, ila sasa paka alikuwa anaumwa kweli.

Kama wiki mbili baadaye simu ikaita. Alikuwa yule mzee wa Mlali. Tukasalimiana, akanieleza habari za mvua, za alizeti, za mgongo wake. Kisha akasema yule paka alikuwa akichechemea. Akamkamata, akamkagua mguu kama anavyokagua kwato za mbuzi zake, akakuta ukucha wa kile kidole cha ndani umejikunja duara na kuingia nyamani. Kidole chenyewe hakigusi chini wala hakikwaruzi kitu, kwa hiyo ukucha hausagiki, unazidi kukua tu. Aliukata, akautoa, akasafisha kidonda. Sasa paka anatembea vizuri. Alikuwa amekumbuka kwamba mimi nina ndugu yake.

"Najua wewe ni mtaalamu, dada, ulishaona zamani," akasema. "Nimeona nikupigie tu."

Nikamwambia ndiyo, nilishaona.

Nilikata simu, nikapiga magoti kumtafuta paka chini ya kitanda. Alikuwa kule nyuma kabisa. Nilimvuta, nikamgeuza mguu kama bibi alivyonionyesha ule mwanzo, nikaona. Ukucha ulikuwa umezama, na pale ulipozama pana usaha. Nilikaa sakafuni naye mapajani, nikashindwa hata kujitania. Wiki mbili alikuwa akinijia na mguu ule, na mimi nikisimulia maumbile.

Nilimfunga kwenye khanga, nikachukua bajaji hadi Nkuhungu kwa daktari wa mifugo, binti wa rika la kuwa mwanangu. Akaniamkia vizuri, akamweka paka mezani, akauliza ameanza kuchechemea lini. Nikasema siku mbili. Akaushika ule mguu, akautazama bila haraka.

"Huu ukucha si wa siku mbili, mama," akasema, kwa sauti ya chini ili wa nje wasisikie.

Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliukata ukucha, akauchomoa, akaosha kidonda, akachoma sindano. Halafu akanionyesha namna ya kukata: ile ncha nyeupe tu, usifike palipo pekundu. Akanikumbusha nisisahau vile vidole ambavyo havigusi chini.

Niliporudi nilimsimulia bibi yote. Akaingia ndani, akatoka na kimkasi kidogo alichokivingirisha kwenye kitambaa. Alikuwa akimkata kucha yule paka wa kijivu tangu utoto wake, na kabla yake alimkata mama yake, kila mara Ijumaa asubuhi kabla hajaoga kujiandaa na sala. Saa hizo mimi nilikuwa ofisini nikiwatambia watu.

"Sasa bibi, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia umtazame. Ukanieleza aina yake." Akakivingirisha tena kimkasi taratibu. "Ulikuwa unatufundisha, mwanangu. Nikaona nisikukatize."

Siku iliyofuata nilimpigia mzee wa Mlali, nikamwambia kwamba sikuwa nimeona chochote, kwamba bila simu yake paka wangu angepoteza mguu. Akacheka kidogo, akasema alilijua hilo kwa jinsi nilivyoitikia upesi. Nikauliza habari ya panya. Alifikiri, akasema kwa uaminifu kwamba paka anakamata wa kiasi, kama paka yeyote.

Mguu ulipona baada ya siku kadhaa, na paka akarudi dirishani kwake. Jumamosi namkata kucha mimi, bibi akinishikia, maana peke yangu naishia kukata khanga. Wiki iliyopita, saa ya chai, msichana mgeni ofisini aliuliza kama ni kweli nafuga paka wa ajabu. Nikamjibu kwamba wana vidole vya ziada na wanahitaji kukatwa kucha, nikarudi kwenye chai yangu. Waliokuwa mezani wakanigeukia, wakisubiri niendelee. Mwishowe mwenzangu mmoja akainama na kuniuliza kama naumwa.