Namba ya Babu

Mwalimu alipekua sanduku la babu yake hadi akapiga chafya. Alipata picha mbili za harusi, leseni ya baiskeli, na ufunguo ambao hata kufuli lake halijulikani. Karatasi ya jeshi, hakuna. Na ofisi ya kumbukumbu ilishasema wazi: majina ya waliopigana vita yatachongwa ukutani mwezi ujao, lakini daftari la zamani limepangwa kwa namba, maana majina yaliandikwa ovyo ovyo. Bila namba, mzee haingii ukutani.

Mwalimu alitaka jina lile lichongwe babu akiwa hai na macho yanaona. Habari za kumkumbuka mtu akishazikwa zilimkera sana.

"Babu, namba yako ni ngapi?"

"Ya simu?"

"Ya jeshi, babu!"

"Mke wangu," babu alimtania mjukuu wake, "siku hizi hata umri wangu naambiwa na watu."

Vita vyenyewe hakuwahi kuvitia chumvi. Wazee wenzake walilipua mabomu upya kila walipokaa kusimulia. Yeye alisema alibeba masanduku ya risasi mlimani, akapata kidonda begani, akarudi, akawa fundi saa kwa miaka arobaini. Mpole, mcheshi, chai yake bila sukari. Jambo la jeshi alilowarithisha wajukuu lilikuwa moja tu: kitanda kitandikwe kabla mtu hajanawa uso.

Siku ya mwisho ya kuandikisha majina ikafika, wakaenda ofisini hivyo hivyo mikono mitupu. Karani, binti mwenye adabu zake, akauliza kwa upole. Babu akatabasamu kwa upole. Upole ukazunguka meza ile nusu saa nzima bila faida yoyote. Damu ikamchemka mwalimu. Yeye kila asubuhi huwapanga watoto mia nne gwaride, na sauti ya kazini ikamponyoka:

"Mguu sawa! Namba!"

Kiti kikaanguka. Babu alikuwa amesimama wima, kidevu juu, mikono ubavuni.

"Saba sita mbili tisa moja, afande!"

Karani alitoa macho, kisha akaandika haraka. Mwalimu alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akachagua kucheka. Lakini babu hakukaa. Aligeuza uso kidogo, akaibana sauti ikawa nyembamba, sauti ya kijana mwingine kabisa:

"Saba sita mbili tisa mbili, afande!"

Mwalimu akamsogelea. "Na huyo ni nani, babu?"

"Kijiko, ndivyo tunavyomwita kikosini," babu alinong'ona bila kutikisa kichwa. "Bado kalala. Mimi humwitikia namba yake kila siku. Msimwandikie kosa."

Karani akafunua daftari. Namba mbili zilifuatana. Mbele ya ile ya kwanza paliandikwa: amerudi. Mbele ya pili: hakurudi. Sehemu yake ya jina la ndugu ilikuwa tupu. Aliligeuza daftari taratibu ili mwalimu asome mwenyewe.

Mwalimu alisoma. Babu yake bado alikuwa wima, akisubiri kuambiwa kama mwenzake amepona adhabu.

"Wote wawili mpo," mwalimu alisema. "Mguu pande."

Babu akashusha pumzi ndefu. "Asante, afande. Ni mtoto mzuri, usingizi tu."

Karani alikuwa ameshavuta fomu ya pili.