Kiini cha Yai Kilichoganda

Sughar Baghel alizaliwa kwenye mabonde ya Chambal huko India, enzi ambazo kila boma lilikuwa na beberu mweupe, masikio yamening'inia hadi magotini. Siku hizi mabonde yamebaki na miiba na simu. Uzeeni alifagia maabara ya kituo cha kuzalishia mbuzi, na kusoma alijifunza kwa vitabu vilivyotupwa jalalani.

Jumamosi moja Daktari Vibha aliinua uso kutoka kwenye hadubini. "Beberu Motiya hafai, baba. Mbegu zote zimekufa. Jumatatu anakwenda buchani."

"Asubuhi nimeziona zinaogelea kama samaki!"

"Na sasa zimekufa. Ugumba huo."

"Mgumba gani ana watoto arobaini kijijini?"

"Kijijini mlimhesabia na wa jirani," daktari akacheka.

Sughar hakucheka. Motiya alikuwa beberu wa mwisho wa uzao wa mbuzi wa marehemu baba yake. Akaiinua chupa ya mbegu. Kile kiini cha yai kinachochanganywa na manii ili yahifadhike kilikuwa kimeganda, kama maziwa yaliyotiwa kianzio cha mtindi. Lakini kianzio kimetoka wapi? Yai halina. Basi kimetoka kwa beberu.

Akaenda kwa Irfan muuza nyama, akaomba zile tezi mbili ndogo za mbuzi dume zilizo ndani chini ya mkia, ukubwa wa njugu mawe, ambazo alisoma kwamba majimaji yake huchanganyika na manii.

"Hata mbwa wangu hazili! Unampikia nani, mkeo?"

"Mke wangu keshakula mabaya zaidi, kanila mimi. Lete!"

Alizikamua majimaji. Kiini cha kwanza alikitia majimaji mabichi; cha pili, majimaji aliyoyachemsha; cha tatu, maji matupu. Mama yake alizoea kusema kwamba kianzio ukikitia kwenye maziwa ya moto, umekiua.

Kufika saa ya chai, cha kwanza kiliganda. Vile viwili vilitiririka.

Vibha alivitikisa vyote vitatu, kimoja kimoja. "Kimeng'enya," akasema. "Kinavunja mafuta ya kiini, na mabaki yake ndiyo sumu ya mbegu."

"Basi tuzioshe mbegu kwanza, majimaji hayo yatoke."

Jumapili waliziosha mbegu za Motiya, wakazitia kwenye kiini kipya. Hadi jioni zilikuwa zinaogelea. Daktari akalifuta jina la Motiya kwenye orodha ya bucha.

"Sasa, baba, hicho kimeng'enya kinakufa kwenye joto la kiasi gani? Mama yako uliyenisimulia alipimaje joto la maziwa ya mtindi?"

"Kwa kidole cha mwisho. Akiweza kuhesabu hadi kumi bila kukitoa, maziwa yamefaa kutiwa kianzio."

"Kwa nini kumi?"

Sughar hakuwahi kumuuliza mama, na mabondeni sasa mtindi hununuliwa kwenye plastiki.

"Washa jiko, mwanangu," akasema, akikunja mkono wa shati. "Wewe shika kipimajoto, mimi nitie kidole."