Barua Yangu kwa Mwandiko wa Kidachi

Nilimpenda Nyemo, lakini niliona haya kutuma mshenga, maana Gulwe nzima ingejua. Nikamwandikia baba yake, Mzee Chiwanga, barua. Shuleni tulifundishwa herufi zilizosimama moja moja, nami huandika polepole mno. Safari hii niliiga mwandiko wa Mdachi wa stesheni, wa herufi zilizolala na mikia mirefu. Ilinichukua siku tatu kuonekana mtu anayeandika upesi.

Nikaiacha mlangoni kwake. Kulipokucha Mzee Chiwanga akanijia mbio stesheni, nilikofanya kazi, mbele ya abiria. Nilikuwa nimesahau kwamba kijijini kwetu msomaji ni mimi peke yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nisomee, mwanangu. Mikia hii ni ya Wadachi. Wanataka ng'ombe wangapi?"

Nikasoma kwa sauti ya mbu: "Naomba kumwoa binti yako Nyemo."

Mzee akakaa chini. "Mdachi anamtaka Nyemo? Mahari anayo?"

"Ana mbuzi wawili."

"Mdachi mzima, mbuzi wawili?"

Abiria wakacheka. Mzee akaweka kidole mwishoni mwa karatasi. "Na hapa pameandikwa jina lake? Anaitwa nani huyu fukara?"

Nikalitaja jina langu.