Mama Aliyekataa Chokaa

Dorika Mihayo alikuwa mbishi tangu tumboni. Mama yake, Rhoda, husema mimba ile ilimsumbua mpaka wakunga wa Ushirombo wakachoka, na mtoto alipotoka alitoka amekunja ngumi. Aminini au msiamini, shauri yenu. Ninachojua mimi ni kwamba alipofika kidato cha tatu, katika sekondari moja ya Kahama ambayo jina lake nalihifadhi kwa kuwa nina mtoto anasoma pale, hapakuwa na mwalimu ambaye hajawahi kuita "Dorika!" kwa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari.

Aliambiwa wasichana wasukwe nywele, akanyoa kipara. Aliambiwa mchepuo wa sayansi ndio wa watu wenye akili, akachukua sanaa, na kwenye mtihani akawapita wa sayansi kwa hesabu. Ukimuuliza kwa nini anapenda kushindana, anakujibu yeye hashindani na mtu, ila watu wanasimama njiani kwake.

Lakini binadamu hakosi pa kubonyezwa. Baba yake alikwenda kuchimba Geita yeye akiwa na miaka minne, akapata mke mwingine hukohuko, basi, akawa habari. Rhoda hakukaa kulia. Alifunga mizigo, akahamia Kahama, akapanga chumba Nyasubi, akaanza kazi mwaloni, njia ya kwenda Kakola. Mwalo, kwa asiyeujua, ni ubao umelazwa kwa mteremko na kutandikwa gunia. Unamwaga juu yake mchanga wa mawe yaliyosagwa na maji, matope yanateremka, vumbi la dhahabu linabaki kwenye gunia, likiwa na bahati ya kuwepo. Rhoda alikuwa anaosha marudio, yaani mchanga ambao wenzake wenye nguvu wameshauosha wakauacha. Kutwa nzima mgongo umepinda, miguu ndani ya maji mekundu. Kazi hiyo ndiyo iliyomlipia Dorika sare, daftari na sabuni.

Na Dorika, jasiri wetu, shuleni alisema mama yake anauza vitenge sokoni Nyasubi.

Uongo huo aliusema siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, pale wasichana walipokuwa wanaulizana wazazi wanafanya nini, mmoja akataja mialo na wenzake wakacheka. Neno likatoka, halikurudi. Loveness, aliyekuja kuwa rafiki yake wa chanda na pete, alikuwa amewahi hata kumwomba amletee sampuli za vitenge vya mahafali. Dorika akasema mzigo haujaingia. Miaka miwili mzigo haujaingia! Kumkaidi mwalimu ni kazi nyepesi jamani, kazi nzito ni macho ya wenzako.

Sasa, shule ile ilikuwa na Klabu ya Sanaa na Ubunifu. Mlezi wake alikuwa Mwalimu Anisia, wa Jiografia, aliyepewa klabu kwa sababu siku ya kugawana klabu alichelewa kikao. Hakujua kuchora hata kikombe. Lakini alikuwa na moyo, na alijua udongo. Rangi za dukani zilikuwa ndoto, kwa hiyo aliwapeleka watoto porini na ndoo. Wakachota udongo mwekundu kwenye vichuguu, mweupe mtoni, wa manjano nyuma ya machinjio, wakakwangua masizi kwenye masufuria ya jikoni, wakachekecha kwa kitambaa na kukoroga na uji wa muhogo. Kila Alhamisi baada ya vipindi utawakuta nyuma ya bwalo wamechafuka mpaka kwenye kope. Waliwahi kupiga chapa fulana za mahafali, kuwaandikia mama lishe mabango, na kutengeneza viti kwa matairi ambavyo walimu walivikalia na kuvisifu, kisha wakavihamishia ofisini bila kuuliza.

Mwaka huo yakaandaliwa maonyesho ya klabu. Ijumaa angekuja mgeni rasmi pamoja na wafadhili walioahidi madawati, na ukuta mrefu wa bwalo ukatengwa kwa picha moja kubwa: utajiri wa kwetu. Wengine wakaleta kalenda zenye magari ya mgodini, magurudumu marefu kuliko nyumba, na vipande vya dhahabu vinavyong'aa. Dorika akaziangalia, akasonya.

"Nani kati yenu ameshawahi kukiona hicho kipande?" akauliza. "Kwa macho yake?"

Wakazikunja kalenda zao.

"Basi tuchore tunachokiona."

Akachora mama wa mwaloni. Wenzake walimsaidia kujaza ardhi, mbingu na mawe, lakini yule mama alimchora peke yake, siku tano, kwa udongo mwekundu wa kichuguu. Alikuwa mkubwa, kutoka sakafuni hadi kwenye dirisha, ameinama juu ya ubao, kopo la maji mkononi, khanga imefungwa kiunoni, na uso wa mtu ambaye hajakuomba chochote. Loveness akamuuliza ni nani. Dorika akasema si mtu, ni mama yeyote tu. Roho ilimuuma aliposema hivyo, lakini alisema.

Mkuu wa shule, Mwalimu Magesa, aliiona Jumanne. Si mtu mbaya yule, nisimsingizie. Madawati aliyahangaikia mwaka mzima, watoto wake wanakaa watano watano, na hofu ikishamwingia mtu mzima anafanya mambo ya kitoto.

"Nini hiki?" akasema. "Wageni wanakuja kuona maendeleo, ninyi mnawaonyesha umaskini wa matope? Maige! Leta chokaa."

Maige, fundi wa shule na mlinzi wa geti, alipiga chokaa mikono miwili, yaani mara mbili, na jioni ukuta ulikuwa mweupe. Dorika alisimama anatazama mpaka brashi ya mwisho. Hakulia. Alikasirika.

Jumatano asubuhi, lo! Mama yule karudi. Si mwili wote, lakini mgongo umejitokeza, mkono wenye kopo, macho, vyote kwa wekundu juu ya chokaa, kama damu inavyopenya bendeji. Wanafunzi wakajazana. Wengine wakapiga ishara ya msalaba, wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu. Magesa hakucheka.

"Umekuja alfajiri kuchora tena," akamwambia Dorika mbele ya ofisi. "Sijachora, mwalimu." "Nani mwingine ana kiburi hicho hapa?" "Kiburi ninacho, mwalimu, ila sikuchora." Unaona majibu hayo? Ndiyo yaliyomponza. Akaambiwa kesho aje na mzazi. Na akaambiwa cha kuchagua: aombe radhi mbele ya paredi na aukwangue ukuta kwa mkono wake, au arudi nyumbani wiki mbili, maonyesho yampite na klabu aisahau.

Alhamisi Rhoda aliomba ruhusa mwaloni asubuhi, akaja moja kwa moja. Hakuwa na muda wa kupitia nyumbani. Matope yalikuwa yamemkaukia miguuni hadi magotini, khanga ina madoa, kucha nyekundu. Getini Maige akamsalimia kwa lugha ya nyumbani, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia vizuri, akaingia uwanjani anamtafuta mwanawe kwa macho.

Dorika alikuwa amesimama na Loveness na wasichana wengine wa klabu.

"Mbona yule mama anakuja huku?" Loveness akauliza. "Unamjua?"

Hapo ndipo ubishi wote wa Dorika ulipokimbia. Akasema, "Ni jirani yetu."

Rhoda alikuwa hatua tatu tu. Alisikia. Mtu wa mwaloni ana masikio, siku nzima anasikiliza mchanga. Akasita kidogo, akaweka khanga vizuri begani.

"Shikamoo mama," Loveness akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?" Akatabasamu. "Mimi ni jirani yao. Mama yake yuko sokoni, wateja wamembana, kanituma nije."

Dorika alitamani ardhi ipasuke. Kumbe mama alikuwa anajua uongo wa vitenge miaka yote miwili! Alikuwa anaujua, na akaubeba kama alivyobeba mengine, bila neno. Msichana yule aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, na safari hii hakuonea aibu matope. Alijionea aibu mwenyewe.

Ofisini Rhoda alijitambulisha kwa sauti ndogo kuwa ndiye mzazi. Magesa akawachukua yeye na Mwalimu Anisia hadi kwenye ukuta, akaanza kesi: mtoto mkaidi, kaja kwa kificho, kaharibu chokaa ya shule. Rhoda alisogea ukutani, akapitisha kidole juu ya wekundu, akakinusa, kisha akacheka. Alicheka kweli, kicheko cha tumboni.

"Mwalimu, samahani. Huu udongo wa kichuguu, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," akajibu Mwalimu Anisia.

"Na mmepiga chokaa juu yake hivihivi, bila samadi?" Akamgeukia Maige, aliyekuwa anasikiliza nyuma. "Na wewe baba, umekulia wapi? Kwenu hamkandiki nyumba?"

Maige akajikuna kichwa. Akasema kwao walikuwa wanakandika dada zake.

"Basi ndiyo maana. Udongo wa kichuguu hauzimwi na chokaa, mwalimu. Unakunywa maji ya chokaa, halafu ikikauka unapanda juu. Kila mwanamke wa kwetu anajua, ukitaka ukuta uwe mweupe kwanza unazima wekundu kwa samadi ya ng'ombe, unaacha ukauke siku mbili, ndipo unapiga nyeupe. Hapa hata mpige mikono kumi, atarudi tu. Mwanangu hakuja alfajiri. Jana alfajiri alikuwa ananisaidia kuchota maji."

Magesa akaugusa ukuta, kidole kikarudi chekundu. Mwanamume mwingine angesema nimekosea, yakaisha. Yeye akasema, "Sawa. Kosa la pili limefutwa. La kwanza bado liko palepale. Picha hii inaidhalilisha shule, na wageni ni kesho."

"Inadhalilisha nini?" Rhoda akauliza. "Maji, ubao, au huyo mama?"

Magesa akaenda kupiga kengele.

Paredi ikasimama saa saba, jua la utosi, shule nzima kwa mistari. Rhoda akaambiwa asimame pembeni, karibu na mlingoti, ashuhudie. Panga likaletwa la kukwangulia. Dorika akapandishwa ngazi za bwalo, akapewa karatasi yenye maneno ya kusoma: mimi fulani, naomba radhi kwa kuchora picha isiyo na heshima. Maneno mawili matatu tu, ayasome, aukwangue ukuta, kesho asimame na wenzake kwenye maonyesho. Mwalimu Anisia alikuwa anamwomba kwa macho asome yaishe.

Dorika akaitazama karatasi. Akamtazama mama yake, aliyekuwa anaangalia chini, amekunja mikono iliyo myekundu ndani ya khanga asionekane nayo. Nani alimfundisha Rhoda kuificha mikono ile? Ni yeye, Dorika, kwa vitenge vyake vya uongo.

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

"Naomba radhi," akaanza, na Magesa akashusha pumzi. "Naomba radhi kwa Loveness, kwa sababu nilimdanganya. Na kwenu wote. Nilisema mama yangu anauza vitenge. Hauzi vitenge, hajawahi kuwa na meza sokoni. Mama yangu anaosha marudio mwaloni, njia ya Kakola, tangu nina miaka minne. Nimesoma kwa mchanga ambao watu wameshautupa. Yule ukutani si mama yeyote. Ni mama yangu, anaitwa Rhoda, na yule pale kwenye mlingoti si jirani. Ndiye yeye. Asubuhi nilimkana, na hilo ndilo kosa langu. Picha si kosa. Picha siombei radhi, leo wala kesho."

Nyuma huko mtu mmoja akaanza kucheka, akajibiwa na kiwiko, akanyamaza.

"Shuka!" Magesa akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Loveness, chukua panga. Kaukwangue ule ukuta."

Loveness alilitazama panga, akamtazama Rhoda. Kisha akaweka mikono nyuma.

"Siwezi, mwalimu."

"Mwingine! Klabu nzima, tokeni mbele!"

Klabu nzima ikatoka mbele, watoto kumi na wanane, wakajipanga kwa adabu, mikono nyuma. Hakuna aliyeligusa panga. Mwalimu Anisia, aliyepewa klabu kwa kuchelewa kikao, akatembea polepole kutoka kwenye mstari wa walimu, akasimama pamoja nao. Maige akakumbuka ghafla kuwa geti halina mtu.

"Wiki mbili," Magesa akamwambia Dorika. "Nenda."

"Sawa, mwalimu," Dorika akasema. Hakuinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta, na hakumficha mtu.

Akatembea mpaka kwenye mlingoti, shule nzima ikimtazama. Rhoda akaitoa mikono ndani ya khanga, myekundu vilevile, akamshika usoni kwa yote miwili, akamwachia alama mashavuni. Kisha akasema kwa sauti ya mwaloni, ile ya kushindana na mashine za kusaga mawe, hata waliokuwa jikoni walisikia:

"Twende, mwanangu."