Kibanzi cha Mukima

Mwezi wangu wa kwanza kama mke wa mtu, niliogopa vitu viwili katika lile boma la juu ya Karatina: shoka na mama mkwe. Shoka ningeweza kulikwepa siku mbili tatu. Mama mkwe hakukwepeka.

Mimi nilitoka Timau, nyuma ya duka la mama yangu, ambako tulipikia stovu ya mafuta ya taa. Kuni nilizijua kwa kuziona migongoni mwa wengine. Wifi zangu walishaulizana, tena nikisikia, kama huyu Mmeru wa dukani anajua hata kuwasha moto. Kwa hiyo Ijumaa moja, nikiwa peke yangu, nilivamia gogo la mukima, ule mti unaopandwa kando ya kila shamba la kahawa huku, nikalipasua kwa hasira mpaka likakubali. Nilipozivuta zile kuni kwa pupa, kibanzi kirefu kikazama kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, mkono wa kulia.

Mtu mwenye akili angesema. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilijua wifi wangepata habari kabla ya chai ya saa nne, na jina la mke wa dukani lingenikaa mpaka nizeeke. Nilijaribu kukitoa kwa meno, kikakatika, na kipande kilichobaki kikaingia ndani zaidi. Jumamosi nilifua kwa mkono mmoja. Kufikia Jumapili kiganja kilikuwa kimevimba na kinapwita.

Kanisani kwao mtu haondoki bila kusalimiana mkono kwa mkono na kila aliyekuja. Mama mkwe alitangulia, akishika mikono ya watu kwa nguvu na kuitikisa kama anayepima viazi. Mimi nilifuata nikijificha ndani ya shali, hadi nikasimama mbele ya nyanya mmoja aliyekuwa mkongwe kuliko wote. Nikamnyooshea mkono wa kushoto.

Hakuupokea. Aliutazama, kisha akamtazama mama mkwe, na wamama waliokuwa karibu wakaacha kuzungumza. Nilijua kabisa kwamba nimemtukana mzee hadharani. Mama mkwe alimwambia maneno machache kwa Kikuyu, yule nyanya akanigusa bega, tukaondoka. Njia nzima mama mkwe alitangulia bila kugeuka nyuma, nami nikaanza kupanga moyoni jinsi nitakavyorudi Timau.

Tulipofika hakubadilisha hata nguo za kanisani. Aliweka kigoda mlangoni penye jua, akaleta karai la maji moto yenye chumvi, akachomoa pini kwenye sweta yake. Kikuyu changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili.

"Lete hiyo mkono," akasema. "Ile unaficha."

Nimeshatibiwa na watu waliosomea kazi hiyo, lakini sijaona mikono kama ile. Aliuacha mkono wangu ndani ya maji mpaka ngozi ikalegea. Akapitisha pini kwenye moto wa kiberiti, akafumba macho, akapapasa kwa ncha ya kidole mpaka akajua kichwa cha kibanzi kiko wapi na mkia uko wapi. Hakuchimba. Alifungua ngozi juu juu, kidogo kidogo, akifuata njia ile ile kiliyoingilia, huku akilalamika kwamba mhubiri hajui kumaliza. Kabla sijajiandaa kuumia, kibanzi kilikuwa juu ya ukucha wake, kirefu kuliko punje ya mchele wa Mwea.

Nikaanza kuomba msamaha kwa aibu niliyomletea kanisani. Alinikatiza.

"Nilimwambia yule nyanya ati bibi ya kijana yangu ameumia akinipasulia kuni. Ati unafikiri sikuona ile kazi yako? Hiyo gogo umepiga kama nyoka."

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Yeye alichoma pini mara ya pili, akaiweka mkononi mwangu, kisha akafungua kiganja chake cha kulia. Penye shina la kidole cha kati palikuwa na mstari mweusi, na nyama yote inayouzunguka ilikuwa nyekundu na imevimba. Kumbe naye alikuwa na kibanzi tangu Alhamisi, na kwa mkono huo huo alikuwa amesalimia kanisa zima bila kukunja uso.

"Wasichana yangu wakijua, watasema nimezeeka, niwache shoka," akasema. "Toa wewe."

Nilimpenda kuanzia dakika hiyo. Nikaenda kuleta maji mapya, nikaulowesha mkono wake mpaka ngozi ikalegea. Kisha nikafumba macho, nikaanza kutafuta kichwa cha kibanzi.